Maisha ya Shule Mwamgongo Miaka ya 1990, na Waliotusomesha

Katika vitabu vya harambee vya miaka iliyopita tumesimulia habari za uvuvi, za maji na za afya kijijini kwetu. Mwaka huu kamati imetuomba tuandike juu ya shule, kwa sababu fedha tunazochanga usiku wa leo ni za bweni la wasichana. Tumekubali kwa furaha, lakini hatukupenda kuandika historia ya majengo. Majengo kila mtu anayaona akishuka kwenye boti. Kisichoonekana ni maisha ya watoto waliopita humo, na hasa maisha ya wale wa umri wa kati, kuanzia darasa la tano hadi kidato cha pili. Katika miaka hiyo ndipo njia za watoto wa Mwamgongo zilipoachana: wachache wakavuka maji kwenda kusoma mjini, wengi wakabaki.

Sisi tunaoandika ni wa kundi lililokuwa madarasani miaka ya 1990. Tumekusanya kumbukumbu hizi kwa kuulizana wenyewe kwa wenyewe, kwenye harusi, kwenye misiba, na kwa simu za usiku kati ya Dar es Salaam, Mwanza, Kigoma na kijijini. Hatutaji majina ya watu, kwa kuwa wengi hatukupata nafasi ya kuwaomba ruhusa. Kila aliyekuwepo atajitambua.

Waliotutangulia

Wazee wetu waliosoma wakati wa mkoloni wanakumbuka mpango mwingine. Mtoto alisoma miaka minne ya mwanzo, kisha akipata bahati aliingia shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Shule za kati zilikuwa chache, na mtoto wa ufukweni alilazimika kuondoka nyumbani angali mdogo. Kwa hiyo hadithi ya mtoto kubeba kifurushi na kupanda chombo kwenda kusoma haikuanza na sisi. Ni ya zamani kama shule yenyewe.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kwa hatua. Mwaka 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Tangu hapo shule ya msingi ilitakiwa imwandae mtoto kuishi kijijini na kufanya kazi, si kupasi mtihani tu. Mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuingia katika operesheni ya vijiji mwaka 1972. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, lililoagiza kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo mwaka 1977. Hiyo ndiyo UPE ambayo wazazi wetu waliitaja kila siku. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, wakifundisha nusu ya siku na kujifunza nusu nyingine. Baadhi ya waliotushikisha kalamu walikuwa walimu wa UPE. Watu waliwacheka. Sisi hatuwacheki, maana pasipo wao wengine wetu tusingejua kusoma.

Tulipofika darasa la tano, lile wimbi la UPE lilikuwa limeanza kushuka. Serikali haikuwa na fedha, michango ya wazazi ilikuwa imerudi, na madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi yalikuwa yanaomba ukarabati. Watoto waliandikishwa wengi darasa la kwanza, na kila mwaka darasa likapungua.

Kengele na mwezi

Kengele yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la gari iliyoning'inizwa mtini. Hilo tunalisema kwa sababu Mwamgongo hakukuwa na barabara, na gari lenyewe wengi wetu hatukuwahi kuliona kwa macho. Rimu ililetwa kwa boti. Tuliijua sauti ya rimu kwa miaka saba kabla ya kulijua gari.

Asubuhi tulikuja na fagio la chelewa, kidumu cha maji na, kwa siku zilizopangwa, mawe au kuni. Aliyewahi alipata namba ya mbele. Aliyechelewa alimkuta mwalimu wa zamu. Mchakamchaka ulipita kwenye njia nyembamba ya kijiji, milima upande mmoja na ziwa upande wa pili, kisha paredi, ukaguzi wa kucha na meno, na vipindi. Madawati hayakutosha. Darasa la saba ndilo lililopewa kipaumbele, kwa kuwa lilikuwa na mtihani. Wengine tulikaa juu ya matofali na magogo. Kitabu kimoja cha Tujifunze Lugha Yetu kilisomwa na watoto wanne au watano, na aliyekaa pembeni alijifunza kusoma maandishi ya upande upande. Nyumbani tulizungumza Kiha, na wenzetu wengine Kibembe. Kiswahili tulikipata shuleni na kwa wavuvi, na Kiingereza kiliishia ubaoni.

Kulikuwa na shamba la shule mlimani, la muhogo na mahindi. Asiyejua mlima wa Mwamgongo hawezi kuelewa maana ya adhabu ya kwenda kulima kule. Njia inapanda moja kwa moja kutoka ufukweni kuelekea nyanda za Kalinzi, na ndiyo hiyo mama zetu waliipanda na dagaa kichwani, wakashuka na maharage na ndizi.

Lakini kilichoendesha shule yetu kuliko kengele ni mwezi. Dagaa walivuliwa usiku wa giza, kwa taa za karabai, kwa sababu samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikitawala, taa hazifui dafu na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo giza lilipoanza, wavulana wa darasa la tano, la sita na la saba walipungua darasani. Wengine walikuwa ziwani usiku kucha, wakapata mgawo wao alfajiri, wakaja shule wakinuka dagaa na kusinzia kipindi cha pili. Wasichana walikuwa wakianika dagaa mchangani na kuwalinda dhidi ya kunguru, kuku na mvua. Mwezi ulipopevuka, darasa lilijaa. Tulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyejua mzunguko huo vizuri. Mada ngumu, kama sehemu na asilimia, alizifundisha wakati wa mbalamwezi. Wakati wa giza alirudia mazoezi. Hakuna mkaguzi aliyemwelekeza afanye hivyo. Aliangalia tu daftari la mahudhurio, akaangalia na angani.

Watu wa mjini wakisikia habari hizi husema wazazi wetu hawakujali elimu. Sisi tunaofanya kazi ya hesabu tumezoea kuuliza swali moja kwanza: fedha hii imetoka wapi? Daftari, kalamu, kaptula ya kaki, sketi, mchango wa shule, vyote vilitoka kwenye dagaa, mawese na muhogo. Mvulana aliyesinzia darasani ndiye aliyenunua daftari lake, mara nyingi na la mdogo wake pia. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya giza hakuwa mtoro kwa maana ya kawaida. Alikuwa anajilipia.

Wageni waliokuja kwa maji

Miaka yetu ya darasani ilikuwa pia miaka ya vita kwa majirani. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na katika siku zilizofuata watu walianza kuingia mkoani kwetu kwa miguu na kwa mitumbwi. Kirundi na Kiha vinasikilizana, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani kujua walichokiona. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1996, vita vilipofika Uvira na Fizi ng'ambo ya ziwa, Wakongo nao walivuka. Usiku tuliona taa zikija ambazo hazikuwa za wavuvi.

Wengi walipelekwa kwenye kambi, Nyarugusu na Lugufu zikiwa miongoni mwake, lakini kabla ya hapo walipumzika kwenye vijiji vya ufukweni. Baadhi yetu tulilala chini ili wageni walalie mkeka. Tunakumbuka watoto waliosimama nje ya darasa wakisikiliza somo kupitia dirishani. Mmoja alijibu swali la hesabu kabla ya yeyote kati yetu, kwa Kifaransa, na mwalimu akalazimika kumwita aandike ubaoni ili tuelewe. Wiki iliyofuata hakuwepo.

Tunayataja haya kwa sababu vijana wetu wanadhani yaliyotokea Kagunga mwaka 2015, pale maelfu ya Warundi walipojaa ufukweni na meli ya Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma, yalikuwa mambo mapya. Kwa vijiji vya kaskazini mwa Gombe, kupokea watu waliotoka majini ni sehemu ya malezi.

Jirani yetu Gombe

Kusini mwa kijiji chetu ipo Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Ilianza kama pori la akiba mwaka 1943 na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall alifika hapo tarehe 14 Julai 1960, na utafiti wa sokwe aliouanzisha haujakatika tangu wakati huo. Kila mtoto wa Mwamgongo alijua mtu aliyewahi kufanya kazi Gombe, na wapo wana wa vijiji vyetu ambao kwa miaka mingi wamefuata sokwe mlimani na kuandika kila wanachokula, wanaolala nao na wanaozaliwa.

Mwaka 1994, tukiwa bado shuleni, ulianza mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, uliofanya kazi na vijiji vinavyozunguka hifadhi. Milima yetu ilikuwa imekatwa miti hadi juu, na mvua za masika zilishusha udongo na mawe. Tulijifunza kujaza udongo kwenye viriba na kumwagilia miche. Baadaye mradi ule ulisaidia pia kulipia masomo ya wasichana, na wapo akina dada walio nasi ukumbini leo waliofaidika. Kwa hilo tunashukuru.

Lakini lipo jambo moja ambalo limetukaa rohoni. Sokwe jike aliyeitwa Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilichapisha taarifa ya kifo chake. Ukoo wa Flo unajulikana: watoto wake, wajukuu wake, nani alizaliwa mwaka gani, nani aliumwa nini. Hatuwaonei wivu sokwe, wala hatuwalaumu watafiti. Walichofanya ni kazi njema, nayo imetupa jina duniani. Tunachosema ni kwamba wao wameandika, sisi hatujaandika. Tulipotafuta orodha kamili ya watoto waliosoma na sisi darasa moja, hatukuipata. Daftari moja lilikuwa limeliwa na mchwa, jingine limelowa, na mengine hakuna ajuaye yaliko. Tumelazimika kukumbuka kwa vidole, safu kwa safu, nani alikaa wapi. Kila mara kuna kiti ambacho jina lake halipatikani.

Mwaka wa mtihani

Darasa la saba lilikuwa mwaka wa hofu. Mtihani ulikuwa wa Hisabati, Lugha na Maarifa, na msimamizi alitoka shule nyingine. Usiku tulijisomea kwa koroboi, na wenye bahati kwa karabai ya tajiri wa boti siku za mbalamwezi, wakati taa haina kazi ziwani. Hatukuogopa sana kufeli. Tuliogopa zaidi uchache wa nafasi. Shule za sekondari za serikali mkoani zilihesabika kwa vidole, na nafasi ziligawanywa kiwilaya. Mtoto angeweza kufanya vizuri na bado asichaguliwe. Kuna mwaka shule yetu ilitoa wawili, kuna mwaka mmoja, na kuna mwaka boti ilifika, mwalimu mkuu akashuka na bahasha, akapita katikati ya watu bila kusema neno, na kila mtu akaelewa.

Tusisitize neno hili, maana leo linasahaulika. Wakati ule watu walisema "amefaulu" au "amefeli", kana kwamba darasa lote lililobaki halikujua kitu. Si kweli. Tulikaa nao. Tunawajua waliotuzidi hisabati na ambao leo hawana cheti cha kidato cha nne. Ndani ya mwezi mmoja wavulana wale walikuwa wavuvi kamili, na wasichana wengine wakawa na posa. Umri wao miaka 14, 15 au 16.

Kwa aliyechaguliwa, furaha ilidumu hadi ilipofunguliwa fomu ya kujiunga. Tunaikumbuka orodha ile kwa mpangilio wake: ada, godoro, shuka mbili, ndoo, sanduku la bati, sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa, jembe au fyekeo, na nauli. Ukoo ulikaa kikao. Tulioshuhudia vikao vile tulijifunza bajeti kabla ya kusomea uhasibu. Mjomba alitoa mgawo wake wa giza zima. Bibi alitoa madumu ya mawese aliyokuwa ameyatunza kwa msimu wa bei. Shangazi alileta mbuzi. Na wakati wote huo, kaka au dada aliyemaliza darasa la saba mwaka mmoja au miwili nyuma na kukosa nafasi alikaa pembeni akisikiliza, na mwisho naye akaambiwa kiasi chake. Akakubali. Hatukumbuki aliyekataa.

Kibirizi na chumba cha kupanga

Boti za abiria ziliondoka kijijini alfajiri, zikapita mbele ya Gombe, na kufika mwalo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Msimu wa kusi, kati ya Mei na Agosti, ziwa huchafuka, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 halina huruma na mtoto aliyekalia gunia. Mara nyingine tulishuka njiani tukasubiri upepo utulie. Mara nyingine tulipanda mlima hadi Kalinzi kutafuta gari. Kaka zetu wa miaka ya nyuma waliochaguliwa shule za mbali waliendelea na treni hadi Tabora na kwingineko kwa waranti ya serikali. Wakati wetu waranti ilikuwa imebaki simulizi.

Waliopangiwa shule za kutwa walipanga chumba. Vijana wa leo wanaita geto, na jina ni la siku nyingi. Watoto wa miaka 15, watatu au wanne, jiko moja la mkaa, hakuna mzazi. Chakula kilitoka nyumbani: unga wa muhogo, dagaa, mawese kwenye chupa. Kilifungwa, kikaandikwa jina, kikapewa nahodha. Tunapenda kumbukumbu hii iandikwe mahali, nasi tunaiandika hapa: kwa miaka yote tuliyosoma Kigoma, mabaharia wa boti za Mwamgongo walibeba vifurushi vya wanafunzi bila kudai malipo, na hatukumbuki kifurushi kilichopotea. Ndani ya unga mara nyingi kulikuwa na noti iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Masomo nayo yalikuwa bahari nyingine. Miaka saba tulisoma kwa Kiswahili, na asubuhi moja kila kitu kikawa Kiingereza, kuanzia jiografia hadi baiolojia. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kijijini alijikuta hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wengi tulikariri bila kuelewa, tukingoja mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Wapo walioishia hapo. Walirudi na sanduku la bati, na hawakupenda kulizungumzia.

Kwa wasichana ilikuwa ngumu zaidi, na tutalisema wazi kwa kuwa ndiyo sababu ya harambee hii. Msichana wa kupanga alihitaji kila kitu alichohitaji mvulana, na zaidi ya hapo alihitaji mlango unaofungika. Unga ukiisha kabla boti haijaja, mvulana alikwenda Kibirizi kubeba mizigo akapata chakula cha siku. Msichana aliyeishiwa unga alikuwa na watu wengi wa kumsaidia, na msaada wao ulikuwa na bei. Katika wasichana tuliovuka nao miaka ile, wengine hawakufika kidato cha tatu, na haikuwa kwa sababu ya Kiingereza. Walioshika mimba walifukuzwa shule. Hata ilipofika mwaka 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi darasani, wenzetu hao walikuwa na wajukuu.

Yaliyobadilika na yaliyobaki

Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa. Mwaka 2004 ukafuata ule wa sekondari, MMES, na kata nchini kote zikaanza kujenga sekondari zake. Mwaka 2005 ada ya sekondari za kutwa ilipunguzwa kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000 kwa mwaka, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Leo mtoto wa Mwamgongo anaweza kusoma sekondari akiwa kijijini. Kwa mtu aliyewahi kukaa Kibirizi akingoja kifurushi, hilo si jambo dogo.

Lakini hesabu haijafungwa. Vijiji vya mwambao vimetengana, na kati ya kimoja na kingine kuna milima na maji. Mtoto asiyeweza kwenda na kurudi kila siku hupanga chumba karibu na shule. Lile geto la Kigoma limehamia nyumbani kwetu. Msichana wa miaka 14 anayepika mwenyewe na kulala kwenye chumba cha kupanga Mwamgongo yuko katika hali ile ile waliyokuwa nayo dada zetu mjini. Ndiyo maana kamati imechagua bweni, ingawa kulikuwa na maombi mengine mazuri.

Deni

Tunaomba ndugu waliomo ukumbini waichukulie michango ya leo kwa namna tofauti kidogo. Katika harambee tumezoea kuitana wafadhili. Katika vitabu vya hesabu, mfadhili ni mtu anayetoa bila kudaiwa. Je, hiyo ndiyo hali yetu?

Kulikuwa na mwenye boti mmoja, sasa marehemu, aliyeweka daftari dogo ndani ya mfuko wa nailoni. Mwanafunzi asiye na nauli alipanda, na jina lake likaandikwa. Hatujui kama alikuwa na nia ya kudai. Tunachojua ni kwamba hakudai. Daftari lile pia halipo. Lakini walioandikwa humo wapo, na wengine wanasoma ukurasa huu.

Daftari lile lilikuwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa haikuandikwa popote: mgawo wa giza uliotolewa na kaka aliyekosa nafasi, dagaa walioanikwa na dada aliyeacha shule darasa la sita, mbuzi, mawese, unga. Ukipiga hesabu ya mtoto mmoja aliyefika chuo kikuu kutoka Mwamgongo miaka ile, utakuta nyuma yake watu wanane au kumi, na wengi wao ni wa umri wake, waliokaa naye darasa moja. Walitusomesha wakiwa watoto. Hawakuwa wameshindwa, nafasi zilikuwa chache, na wakatuachia tulizopata. Leo watoto wao ndio watakaolala katika bweni hili. Kwa hiyo tunachotoa usiku wa leo, kwa upande wetu tunakiandika kama malipo ya deni, na bado ni sehemu ya kwanza.

Taarifa ya gharama za ujenzi ipo katika kurasa zinazofuata, pamoja na mapato na matumizi ya mwaka uliopita kama yalivyokaguliwa. Tafadhali isomeni na muulize maswali.

Tuna ombi moja zaidi, lisilohitaji fedha. Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari la jalada gumu. Kila aliyesoma Mwamgongo, mwaka wowote, aandike mambo manne: mwaka aliofika darasa la tano, jina la mwalimu wake, majina ya waliokaa naye benchi moja, na jina la mtu aliyemlipia. Wasioweza kuja watume kwa katibu. Daftari hili litanakiliwa mara mbili, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ofisi ya kijiji, ndani ya sanduku la bati, mahali pasipofika mchwa. Tukifika mwakani tutachapa orodha hiyo hapa hapa, kadiri itakavyokuwa imekamilika.

Karibuni Mwamgongo. Msimu wa kusi ukiisha, ziwa hutulia.